Mbegu Ina Baba Pia

Mwaka nilipoanzisha kitalu changu cha miche ya miti ya asili, nje kidogo ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, nilikuwa na mvule mmoja tu niliouamini. Ulisimama ukingoni mwa shamba la mjomba wangu, karibu na kisima, na shina lake watu watatu walilikumbatia bila vidole vyao kukutana. Kila msimu wa matunda popo walikuja usiku kwa kelele zao, na asubuhi tuliyakuta chini ya mti yale matunda laini ya kijani, marefu kama kidole, mengine yamekwisha kutafunwa nusu. Niliokota ndoo moja, nikayaloweka, nikayaponda kwa mikono, nikachuja mbegu zake ambazo ni ndogo kuliko za nyanya, nikazianika kivulini na kuzisia kwenye tuta la mchanga. Mbegu nyingi zilielea juu ya maji zikiwa tupu, nami nikazimwaga bila kujiuliza sababu. Zilizobaki zilinipa miche zaidi ya 400, nikaihamishia kwenye viriba, nikaona kazi ya maana imeanza.

Kisha majani machanga yakaanza kuvimba. Kwanza niliona vipele kama vya joto kwenye mishipa ya jani, kisha vipele vikakua na kuwa vivimbe vya kijani vyenye ukubwa wa punje ya mahindi, vikibanana kwenye ncha ya mche hata chipukizi likapotea ndani yake. Nilipopasua kivimbe kimoja kwa ukucha nilikuta majimaji, na ndani ya majimaji mdudu mdogo sana, bapa, aliyekuwa ameishi humo akifyonza utomvu tangu alipoanguliwa. Wataalamu wanamwita Phytolyma, na kila aliyewahi kuotesha mvule anamjua hata kama hajui jina lake. Mdudu akishakomaa kivimbe hupasuka, ukungu huingia kwenye jeraha, na ncha ya mche huoza na kukauka kuelekea chini. Mche haufi mara moja. Huchipua pembeni, machipukizi hayo nayo huvamiwa, na baada ya miezi kadhaa ulichonacho si mti bali kichaka kidogo kisicho na shina. Ndivyo ilivyokuwa tuta zima, mche kwa mche, kana kwamba yote ilikuwa mwili mmoja.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa bwana miti na sasa amestaafu, alipita siku moja kuniangalia. Nilimwamkia, akaitikia, akachuchumaa kwenye tuta akigeuza majani moja baada ya jingine kwa muda mrefu. Hakuniuliza nimepiga dawa gani.

"Mbegu umezitoa wapi, mwanangu?"

"Kwa ule mvule wa kisimani, mzee."

"Zote?"

"Zote."

"Basi hawa ni wa tumbo moja. Na baba yao unamjua?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mbegu ina baba. Nilijua mti unaozaa, nikaokota chini yake, basi. Mzee akanieleza jambo ambalo kila mtu anayeshughulika na mvule angepaswa kuambiwa siku ya kwanza: kwamba kuna mvule wa kike na mvule wa kiume, kama ilivyo kwa mpapai. Wa kike ndio unaozaa. Wa kiume hutoa vishada vyembamba vyeupe, virefu hadi kiasi cha sentimita 20, vinavyoning'inia kwenye matawi na kutikiswa na upepo hadi vimalize chavua yao, kisha huanguka na kutapakaa chini kama viwavi waliokauka. Hapo nikakumbuka. Nilipokuwa mdogo tulivichezea viwavi hivyo chini ya mvule mwingine, ule uliokuwa ng'ambo ya bonde, ambao mjomba aliuita mgumba kwa sababu miaka yote haukuwahi kuzaa tunda hata moja. Miaka miwili kabla ya mimi kuanza kitalu, wapasuaji mbao walikuja wakitafuta mvule wa kununua, na mjomba, akitumia hekima ambayo mkulima yeyote angeitumia kwa ng'ombe asiyezaa, aliwauzia huo mgumba ili aubakize ule unaozaa. Nilikuwepo siku hiyo. Nilisaidia kubeba mbao.

Sidai kwamba vivimbe vililetwa na kukatwa kwa mti huo, kwa maana Phytolyma hushambulia miche ya mvule karibu kila mahali inapooteshwa. Lakini huko Ghana, ambako watafiti wa misitu wamehangaika na mdudu huyu kwa miongo mingi, imeonekana kwamba miche haishambuliwi kwa kiwango kilekile. Ipo ya ukoo fulani inayostahimili na ya ukoo mwingine inayoangamia, na wamekuwa wakichagua wazazi kwa kufuata tofauti hiyo. Maana yake ni kwamba katika tuta lenye miche ya akina mama 30, waliopata chavua kwa akina baba wengi, ipo nafasi kwamba baadhi ya miche itasimama. Katika tuta langu nafasi hiyo nilikuwa nimeipunguza mwenyewe kabla sijasia mbegu ya kwanza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu safari ya chavua, na ningependa kueleza baadhi ya niliyoyasoma, kwa sababu naamini sisi tunaopanda miti tunahesabu miche kwa bidii na kusahau kabisa kuhesabu wazazi.

Fumbo lenyewe ni hili. Ukiingia katika msitu wa mvua, hutaona kundi la mti mmoja kama unavyoona shamba la mikaratusi. Katika misitu tajiri ya Amazonia au ya Kusini-Mashariki ya Asia, hekta moja inaweza kuwa na aina zaidi ya 200 za miti, hivyo mti wa aina fulani unaweza kusimama peke yake huku mwenzake wa karibu akiwa mamia ya mita mbali. Mti hautembei kwenda kuchumbia. Ni lazima uwe na mshenga, na katika msitu wa mvua, ambako hewa ya chini imetulia, mshenga kwa kawaida ni mdudu, ndege au popo. Mvule, unaotegemea upepo, ni kama mgeni katika desturi hiyo. Sasa, mdudu mwenye mwili mdogo kuliko punje ya ulezi atavukaje umbali wote huo na kuufikia mti uleule unaotakiwa miongoni mwa maelfu?

Katika miaka ya 1950 na 1960 wapo wataalamu waliojibu kwamba haiwezekani. Mrusi Fedorov aliandika mwaka 1966 kwamba miti ya msitu wa mvua, kwa kuwa imetawanyika mno, bila shaka hujichavusha yenyewe. Peter Ashton, aliyekuwa amefanya kazi katika misitu ya Borneo, alimpinga mwaka 1969. Hoja hiyo haikuamuliwa kwa maneno bali kwa mikono: Kamaljit Bawa alifanya majaribio katika misitu ya nyanda za chini ya Costa Rica, akichavusha maua ya mti mmoja mmoja, mengine kwa chavua ya mti wenyewe na mengine kwa chavua ya mti mwingine, kisha akangoja kuona lipi litafunga tunda. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 yalionyesha kwamba zaidi ya moja ya tano ya aina alizozichunguza zilikuwa na miti ya kiume na ya kike mbalimbali, na kwamba miongoni mwa zile zenye ua la jinsia zote mbili, nyingi hukataa chavua yao wenyewe. Miti hii haikubali kujioa. Kwa hiyo chavua lazima inasafiri, na lazima inasafiri mbali.

Ni mbali kiasi gani, hilo lilisubiri vipimo vya urithi, ambavyo kimsingi ni vilevile vinavyotumika mahakamani pale baba wa mtoto anapotafutwa. Unachukua mche na mama yake, unaondoa alama za urithi zilizotoka kwa mama, na zinazobaki ni za baba. Kisha unapita msituni ukipima miti yote mikubwa hadi umpate anayelingana nazo.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye mkuyu, kwa sababu hakuna habari katika somo hili iliyonishangaza zaidi. Mkuyu ni ndugu wa mvule. Wote wako katika jamii moja na mfenesi na mforosadi. Kinachoitwa tunda la mkuyu kwa hakika ni kifuko kilichofungwa, na maua mamia yamo ndani yake, hayaoni jua kamwe. Nyigu mdogo wa kike, ambaye urefu wake hauzidi milimita chache, hujipenyeza katika tundu jembamba lililo kwenye ncha ya kifuko, na njia ni nyembamba kiasi kwamba mabawa yake hukatika mlangoni. Hatatoka tena. Humo gizani anataga mayai katika baadhi ya maua, na wakati huohuo anayachavusha maua kwa chavua aliyotoka nayo alikozaliwa, kisha anakufa. Wanawe wanakulia humo. Madume, yasiyo na mabawa, hupandana na majike na kutoboa njia ya kutokea. Majike hubeba chavua, hutoka, na tangu hapo wana siku moja au mbili tu za kuishi, katika muda huo wakiwa lazima waufikie mkuyu mwingine wenye vifuko vilivyo tayari.

Kwa umri huo na mabawa hayo, mtu angekisia kwamba nyigu huyu anafika mkuyu wa jirani. Watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama, walichapisha mwaka 1998 kwamba kwa aina za mitini za kule, ambayo ni ndugu wa mkuyu, chavua ilitoka umbali wa kati ya kilomita 5.8 na 14.2. Mwaka 2009 ukaja utafiti uliofanywa Namibia kwenye mikuyu hiihii tunayoijua sisi, Ficus sycomorus, inayoota kando ya mto Ugab unaokatiza jangwani, mahali ambapo miti ni michache kiasi kwamba yote inaweza kuhesabiwa na kupimwa. Huko ilithibitika kwamba nyigu hawa, wakichukuliwa na upepo, walihamisha chavua kati ya miti iliyotengana kwa kilomita 160. Hiyo ni karibu safari ya kutoka Tanga hadi Mombasa, na aliyeifanya ni kiumbe ambaye ukimwona kwenye mkono wako utampuliza ukidhani ni vumbi. Mkuyu ule uliosimama peke yake mtoni, ambao wazee walituambia tusiukate kwa sababu ya mizimu, huenda una watoto katika mkoa mwingine.

Si kila mshenga anasafiri hivyo, na hapo ndipo habari inapokuwa ngumu. Msitu ukikatwakatwa na kuachwa vipande vipande, na katikati yake malisho ya ng'ombe, wapo wadudu wasiothubutu kuvuka eneo la wazi lenye jua kali. Mti uliobakizwa katikati ya malisho kwa ajili ya kivuli ulihesabiwa na wataalamu wengi kuwa umekwisha kufa ingawa bado unapumua, kwa sababu hauna wa kuoana naye. Kaskazini ya Manaus, Brazil, mtafiti Christopher Dick aliuchunguza mti mmoja mrefu mno wa jamii ya kunde, Dinizia excelsa, akatarajia pengine kuona hali hiyo. Aliyoyakuta, aliyoyachapisha mwaka 2001, yalikuwa kinyume: miti iliyobaki malishoni ilizaa mbegu zaidi ya mara tatu kuliko ile ya msitu uliokamilika, na chavua ilisafiri hadi kilomita 3.2 kutoka mti hadi mti. Mshenga wao hakuwa mdudu wa Amazonia. Alikuwa nyuki wa Afrika. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na uzao wao ukaenea karibu Amerika yote ya kitropiki. Ni nyuki hawahawa tunaowatundikia mizinga. Walisumbua watu na kuua wengine huko, na hilo lisifichwe. Lakini katika malisho yale, ambako wadudu wenyeji walikuwa wamepungua, ndio waliounganisha miti iliyotengwa.

Ningetamani habari iishie hapo, kwa kuwa inafariji. Haiishii hapo. Huko kusini mwa Costa Rica, Preston Aldrich na James Hamrick walichunguza mti unaoitwa Symphonia globulifera, ambao unaota pia katika misitu yenye maji ya Uganda na Kongo, wenye maua mekundu ambayo kule huchavushwa na ndege wadogo wanaofanya kazi kama ya chozi wetu. Walichokikuta mwaka 1998 ni kwamba sehemu kubwa ya miche iliyoota ndani ya vipande vya msitu ilikuwa imezaliwa na miti michache iliyosimama nje, malishoni. Kwa macho, msitu ulikuwa unajizalisha vizuri, miche imejaa. Kwa vipimo, miche hiyo ilikuwa ya familia chache, na mingi ilitokana na mti kujichavusha, kwa kuwa ndege akiukuta mti mmoja uliojaa maua mahali pa wazi, hana haja ya kuondoka. Anaruka kutoka tawi hadi tawi la mti uleule siku nzima. Hapa mti wa malishoni ulizaa sana, na kuzaa kwake kukawa ndiko kulikouminya msitu.

Nimeisoma tena na tena tofauti ya visa hivi viwili, na kwa maoni yangu somo lake si kwamba mti wa shambani ni mzuri au mbaya. Kinachoamua ni mwendo wa mshenga: akipita kwa wengi kabla ya kufika, mbegu zina baba wengi, akikaa mahali pamoja, zina mmoja. Na jambo hilo huwezi kulijua kwa kutazama wingi wa matunda.

Kisa cha tatu kiko kwetu kabisa. Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni kipande kilichobaki upande wa mashariki wa msitu mkubwa wa Kongo. Ndani yake unaota mti ambao Wakikuyu wanauita muiri na wataalamu Prunus africana, ambao gome lake limechunwa sana kwa ajili ya dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, hata biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Watafiti walilinganisha vinasaba vya miti mikubwa, ile yenye umri wa miaka 80 hadi 100, na vya miche iliyokuwa ikichipua chini, wakachapisha matokeo mwaka 2008: miche ilikuwa na anuwai ndogo ya vinasaba kuliko wazee wake. Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Miti ile mikubwa ilitungwa mimba, tukiweza kusema hivyo, wakati msitu ulipokuwa mpana zaidi na wazazi wengi. Ndani ya miili yao wamehifadhi msitu wa zamani. Tukiwatazama tunaona msitu uko salama, kumbe tunautazama msitu wa babu zetu. Msitu wetu sisi ni ule wa miche, na huo umekwisha kupungukiwa ingawa hakuna kilichokosekana machoni.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona shughuli ya upandaji miti inayotangazwa kwa idadi ya miche pekee. Mivule 10,000 iliyotoka kwa mama mmoja ni ndugu 10,000. Itakapokomaa itapeana chavua ndugu kwa ndugu, na kasoro zilizojificha katika ukoo, ambazo zilihitaji kukutana mara mbili ili zijitokeze, zitakuwa na kila nafasi ya kukutana. Mbegu nyingi zitakuwa tupu, miche itadumaa, na mdudu mmoja akipata njia ya kumshinda mmoja amewapata wote. Hasara hiyo haitaonekana katika picha ya siku ya uzinduzi. Itaonekana miaka 40 baadaye, na hakuna atakayekumbuka mbegu ziliokotwa wapi.

Ushauri wa kitaalamu unaotolewa kwa wakusanyaji mbegu ni kuchukua kutoka miti mama isiyopungua 30, iliyoachana angalau mita 50 hadi 100 ili isiwe ndugu wa karibu, na kuchanganya mbegu kwa kiasi sawa kutoka kila mama. Kwa mvule, katika wilaya yetu, hilo si jepesi. Mwaka wa pili nilitembea kwa baiskeli wiki tatu nikapata mama 11 tu. Kwa kila mmoja niliomba ruhusa kwa mwenye shamba, nikanywa chai, nikasikiliza historia ya mti, na karibu kila mahali niliuliza swali lilelile: je, kuna mvule mwingine jirani usiozaa? Mara nne nilijibiwa kwamba ulikuwepo, ukapasuliwa mbao. Mara mbili mwenye shamba alikuwa ndiyo kwanza anafikiria kuuuza, na hao niliketi nao hadi jioni. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwake mvule wa kiume ulisimama karibu na jiko, aliokota kishada kimoja kilichokauka, akakikung'uta kwenye kiganja hadi unga wa njano ukatoka, akaniuliza kama unga huo ndio huo ninaousema. Nikamjibu kwamba ndio. Akaniambia basi hauuzi.

Miche ya mwaka huo nayo ilivimba. Lakini haikuvimba sawa. Katika mistari ya akina mama wawili, mmoja wa upande wa milimani na mwingine wa njia ya Pangani, vivimbe vilikuwa vichache na ncha nyingi zilinusurika. Sasa kila kiriba kina kibandiko chenye namba ya mama, na daftari lina namba hizo pamoja na mahali, tarehe, na mstari mmoja wa kuandika kama kuna mvule wa kiume unaoonekana kutoka pale. Mahali ambapo haupo, mbegu zinazoelea ni nyingi. Hilo nimeliona mwenyewe misimu mitatu mfululizo, kwenye ndoo, kwa macho yangu.

Mwaka jana nilivuka bonde na mjomba kwenda kuangalia kisiki cha ule mgumba. Mvule una tabia ya kuchipua upya kutoka kwenye mizizi, na tulikuta machipukizi mawili yamesimama hatua chache kutoka kwenye kisiki, moja limenipita kimo, jingine limetafunwa na mbuzi. Kwa vinasaba, huo si mtoto wa mti uliokatwa; ni mti wenyewe. Mjomba aliutazama kwa muda bila kusema neno, kisha akashuka bondeni na panga, akarudi na mzigo wa matawi ya miiba, akaanza kuuzungushia uzio.